Ngalawa Moja, Zana Sita: Mwongozo Kamili wa Kujifunza Kuchora na Kupaka Rangi Ukiwa Bagamoyo

Anayeanza kujifunza kuchora mara nyingi hununua vitu vingi kwa mpigo: boksi la penseli, rangi za maji, chupa mbili tatu za akriliki na brashi za kila unene. Baada ya wiki tatu kila kimoja kimeguswa mara moja, na hakuna hata kimoja ambacho mkono umekizoea. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, ambayo nimeipitia mwenyewe na kuwapitisha vijana wa mtaani kwangu. Chagua kitu kimoja tu, ukichore kwa penseli, kisha kwa mkaa, kisha kwa wino, halafu kwa rangi za maji, kwa akriliki, na mwisho kwa rangi za mafuta. Kwa kuwa kitu ni kilekile, tofauti utakayoiona itakuwa imeletwa na zana, na hapo ndipo utakapojua kila zana inataka nini kutoka kwako.

Kwa aliyeko Bagamoyo, napendekeza ngalawa iliyopwewa ufukweni, karibu na soko la samaki. Umbo lake ni rahisi kulitambua lakini gumu kulipatia, na ina kila kitu ambacho mwanafunzi anapaswa kukijua: mstari mrefu uliopinda kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), mlingoti ulionyooka, kivuli kilicholala mchangani, mbao zilizochakaa na kamba zenye mafundo. Omba ruhusa kwa wenye chombo kabla ya kukaa. Watu wa pwani hawana shida na mchoraji aliyewasalimu vizuri.

Saa, maji na mwanga

Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki, na jambo hili linaamua mengi. Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, ukitazama baharini unalitazama jua lenyewe, hivyo vyombo huonekana kama vivuli vyeusi vyenye kingo kali. Muda huo unafaa kwa wino na mkaa. Kuanzia saa kumi jioni jua liko mgongoni mwako, mbao zinaonyesha rangi zake zote, na bahari inatulia machoni. Huo ndio muda wa kufanyia kazi rangi. Adhuhuri iepuke. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la saa sita linakaa karibu na utosi, vivuli vinajificha chini ya vitu, na ngalawa inaonekana bapa kama imekatwa kwenye karatasi.

Maji nayo yana ratiba yake. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku ratiba husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ngalawa iliyokaa mchangani leo saa tatu asubuhi itakaa hivyo kesho karibu na saa nne. Siku za bamvu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hurudi mbali zaidi na kukupa nafasi kubwa, lakini hujaa kwa nguvu zaidi pia, basi usiliache begi lako mchangani. Siku za maji mafu tofauti kati ya kupwa na kujaa ni ndogo. Waulize wavuvi, watakujibu bila kutazama saa.

Penseli

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu kuliko popote, na sioni haja ya kuuharakisha muda huo. Risasi ya penseli si risasi, ni madini ya grafiti yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake mwembamba na hafifu, nazo huwekewa alama ya H. Grafiti ikizidi, penseli inakuwa laini na nyeusi, nazo huwekewa alama ya B. Kwa kuanzia zinatosha tatu: HB ya kupimia, 2B ya kuchorea na 6B ya vivuli vizito. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, inatosha kwa mazoezi, na stesheneri yoyote inayo.

Kabla ya kwenda pwani, chora miraba mitano iliyopangwa kwenye mstari mmoja. Wa kwanza uache mweupe, wa tano ujaze kwa 6B mpaka karatasi isionekane, kisha tafuta hatua tatu zilizo sawa katikati yake. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini wengi hushindwa kuutenganisha mraba wa tatu na wa nne. Lirudie kila siku kwa wiki moja. Ngozi ya ngalawa, mchanga mkavu, mchanga uliolowa, kivuli na anga utavipanga baadaye katika miraba hii mitano, hata utakapokuwa unatumia rangi.

Ukiwa ufukweni, kaa mbali na chombo kwa hatua kumi hivi, ili ukione chote bila kugeuza shingo. Nyosha mkono wenye penseli mpaka kiwiko kisikunjike, fumba jicho moja, uweke ncha ya penseli kwenye kilele cha mlingoti na kidole gumba mahali mlingoti unapoingia chomboni. Kipimo hicho kigeuze kilale, uone kinaingia mara ngapi katika urefu wa chombo kutoka omo hadi tezi. Jibu hilo, liwe mara moja na nusu au mara mbili, ndilo linaloshika mchoro mzima. Usipopima, jicho litakudanganya, kwa kuwa hukuza kile kinachokuvutia. Karibu kila mwanafunzi huurefusha mlingoti na kukifupisha chombo.

Baada ya kupima, tia mstari wa upeo wa bahari. Mstari huo daima uko usawa wa macho yako: ukikaa mchangani unashuka nawe, ukisimama unapanda nawe. Kwa hiyo ukichora umekaa, mtu mzima aliyesimama mbele yako atakuwa na kichwa juu ya upeo, awe karibu au mbali, maadamu amesimama kwenye mchanga ulio sawa na ulipokaa. Kanuni hiyohiyo utaihitaji siku utakapokwenda Mtaa wa India kuchora nyumba za zamani, ambako mistari ya paa itaonekana ikishuka na mistari ya barabara ikipanda, yote ikielekea nukta moja iliyo usawa wa macho yako.

Sasa chora nafasi tupu kwanza. Tazama pembetatu ya anga iliyo kati ya mlingoti, kamba na chombo, ukaichore hiyo kama kitu chenyewe. Jicho halina mazoea na umbo la anga, kwa hiyo linaliona lilivyo. Kisha finya macho mpaka mambo madogo yapotee, yabaki mabaka ya mwanga na giza, uyajaze kwa miraba yako mitano ukianza na baka lenye giza kuliko yote, ambalo kwa kawaida liko chini ya tumbo la chombo. Kamba na mafundo viwe vya mwisho.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimechora ngalawa ambayo niliiona safi kabisa. Mzee mmoja mvuvi akaja kusimama nyuma yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, chombo hiki hakitoki hapa. Mabao ya pembeni umeyalaza kama meza.” Akachukua kijiti akanichorea mchangani: yale mabao mawili yanayoizuia ngalawa isipinduke yamefungwa mshazari, ukingo ukielekea majini, ili yakate maji na wakati huohuo yakinyanyue chombo. Nilikuwa nimekitazama kwa saa mbili na sikuliona hilo, kwa sababu sikuinuka nikakizunguka. Tangu siku hiyo, hatua yangu ya kwanza kabla ya kutoa penseli ni kukizunguka kitu, kukigusa kama mwenyewe ameruhusu, na kuuliza kila sehemu ina kazi gani.

Mkaa

Mkaa wa jikoni ni mgumu, una chembe, na hukwaruza karatasi. Tengeneza wako: chukua vijiti vikavu vya unene wa kalamu, visivyo na mafundo, uvimenye maganda, uvipange vimebanana ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, toboa tundu dogo juu, kisha likalishe kopo kwenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma kabisa, ondoa kopo na uliache lipoe mpaka unaweza kulishika kwa mkono mtupu. Ukifungua lingali la moto, hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu mbele ya macho yako.

Mkaa hufundisha ujasiri, kwa kuwa hauruhusu vitu vidogo. Tumia karatasi kubwa yenye ukwaru kidogo, manila inafaa. Paka karatasi yote kijivu kwa kulaza mkaa ubavu, sambaza kwa kitambaa, kisha futa mahali penye mwanga: utosi wa mchanga, ubavu wa chombo unaotazama jua, mstari wa povu. Kabla ya raba kuenea, wachoraji walifutia nyama laini ya mkate, na boflo la jana bado linafanya kazi hiyo vizuri. Kung'uta makombo yote usije ukawaalika sisimizi. Baada ya kufuta, rudisha giza kwa ncha. Mchoro wa mkaa usipopuliziwa dawa ya kuugandisha utafutika kwa kuguswa tu. Pulizia nje ya nyumba, mara mbili tatu kwa wepesi, kutoka umbali wa mkono mmoja.

Wino

Wino haufutiki, basi kila mstari unapaswa kuwa umeamuliwa. Wino mweusi wa kale ulitengenezwa kwa masizi na gundi, na kalamu yake ilikuwa tete iliyochongwa mshazari na kupasuliwa kidogo nchani, kama ile waliyoandikia waandishi wa hati za Kiarabu katika pwani hii. Kalamu hiyo unaweza kuichonga kwa kisu kikali kwa dakika kumi, na mstari wake unanenepa na kukonda kwa namna ambayo kalamu ya dukani haiwezi.

Giza hupatikana kwa mistari sambamba: ikikaribiana, kivuli kinaongezeka, ikikatwa na mistari mingine, kinaongezeka zaidi. Ifuate mikunjo ya kitu, yaani ubavu wa ngalawa uchorwe kwa mistari iliyopinda kama ubavu wenyewe. Ukiichoka ngalawa katika hatua hii, ipo milango ya kuchongwa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ambayo naiona kuwa mwalimu bora wa wino katika mji huu wote. Anza na miimo na kizingiti cha juu kama mistari mitupu, weka mfaa (ubao wa wima wa katikati ya mlango), kisha jaza nakshi za sehemu moja tu kwa ukamilifu na uache nyingine zikidokezwa. Jicho la mtazamaji litamalizia.

Rangi za maji

Rangi hizi ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mti wa jamii ya mgunga, na huyeyuka majini. Mwanga wake hautoki kwenye rangi, bali kwenye weupe wa karatasi unaopenya katikati ya rangi nyembamba. Kutokana na hilo zinatoka sheria zake zote. Unaanza na hafifu na kwenda kwenye nzito, kwa kuwa hakuna kurudi nyuma. Mahali peupe panaachwa, hapapakwi. Na karatasi ndiyo nusu ya kazi: ya gramu 80 itakunjamana kama dagaa juani. Nunua ya gramu 300, hata kama utaikata vipande vidogo vya ukubwa wa kiganja ili usiogope gharama. Mimi ningependelea mwanafunzi awe na karatasi nzuri na rangi tatu tu, nyekundu, njano na bluu, kuliko boksi la rangi 24 na karatasi mbaya.

Zoezi la kwanza ni anga. Inamisha ubao kwa kuweka kitabu chini ya upande wa juu, changanya rangi ya kutosha kwenye sahani nyeupe, jaza brashi, uvute mstari wa kwanza kutoka kushoto hadi kulia. Chini ya mstari litakusanyika tone refu la maji. Mstari wa pili ulipokee tone hilo na kulishusha, hivyo hivyo hadi chini, kisha tone la mwisho linyonye kwa brashi iliyokamuliwa. Baada ya hapo ondoa mkono. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuigusa rangi ikiwa nusu imekauka. Maji mapya huisukuma rangi ya zamani na kuacha kingo kama za ua la koliflawa. Guza ikiwa imelowa bado au imekauka kabisa.

Wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, rangi huchukua muda mrefu sana kukauka. Fanya kazi mbili kwa pamoja, moja ikikauka unaendelea na nyingine. Beba makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia na moja safi, na usichovye brashi baharini hata kama umekaa hatua tano kutoka kwenye wimbi. Chumvi hubaki kwenye karatasi, hunyonya unyevu wa hewa, na mchoro hautakauka kwa namna unayoitaka.

Kuhusu rangi yenyewe, paka unachokiona na si unachokijua. Kila anayekuja pwani hupaka bahari bluu. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini ya mji, na tope lake hufanya maji ya karibu na ufukwe wa Bagamoyo kuwa ya kijani kibichi kilichochanganyika na udongo, mara nyingine kahawia kabisa baada ya mvua. Bluu inaonekana mbali, kama utepe mwembamba chini ya upeo. Mikoko nayo, ukichanganya bluu na njano pekee, itang'aa kama plastiki. Ongeza nyekundu kidogo mno, kiasi cha ncha ya brashi, na kijani kitatulia, kwa sababu rangi mbili zinazopingana hupunguzana ukali. Kivuli cha ngalawa mchangani usikipake cheusi. Changanya bluu na kahawia, na utaona mchanga unabaki mchanga hata ndani ya kivuli.

Akriliki

Akriliki huyeyuka kwa maji ikiwa mbichi, lakini ikikauka inageuka plastiki na haiyeyuki tena. Hilo ni zuri kwa mchoro na baya kwa brashi: brashi iliyosahaulika kwa nusu saa inakuwa kijiti. Iweke ndani ya maji kila unapoiweka chini, na uioshe kwa sabuni kabla hujala.

Kinyume cha rangi za maji, hapa unaweza kuanza na giza na kupandisha mwanga juu yake, na kosa linafunikwa. Anza kwa kupaka uso mzima rangi ya udongo iliyokolea, ngoja ikauke, kisha jenga mabaka yale matano uliyoyazoea. Upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huikausha rangi kabla hujaisambaza. Tandaza kitambaa kilicholowa kwenye sinia, weka karatasi ya kuokea juu yake, uchanganyie rangi hapo, nayo itabaki mbichi kwa saa kadhaa. Kumbuka pia kwamba rangi nyingi za aina hii hukolea kidogo zinapokauka, basi changanya yenye mwanga zaidi kidogo ya unayoitaka.

Kitambaa cha pamba kilichotandazwa na kubanwa kwenye fremu, kikapakwa msingi mweupe mara mbili na kusuguliwa kwa msasa laini, kinatosha. Ubao mwembamba wa silingi unafaa vilevile, na una historia yake nchini: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye mbao za aina hiyo akitumia rangi za mafuta zinazong'aa zilizokuwa madukani, na hadi alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameanzisha namna ya uchoraji inayobeba jina lake. Hakusubiri vifaa vya ng'ambo.

Rangi za mafuta

Hizi nimeziweka mwisho kwa sababu zinadai subira na tahadhari. Mafuta yake, kwa kawaida ya mbegu za kitani, hayakauki kwa maji kutoka. Yanashika hewa na kuganda polepole. Tabaka jembamba hushikika baada ya siku kadhaa, nene baada ya wiki au miezi. Faida yake ni kwamba leo jioni unaweza kuulainisha ukingo wa kivuli ulioupaka jana asubuhi, jambo ambalo akriliki hairuhusu.

Sheria ni moja kuu: tabaka la chini liwe na mafuta machache, na kila la juu liwe na mafuta zaidi ya lililo chini yake. La kwanza lipunguze kwa tapentaini. Yanayofuata yaongeze mafuta kidogo kidogo. Ukigeuza, tabaka la juu litaganda kabla ya la chini, kisha la chini likijinyoosha la juu litapasuka. Kwa sababu hiyohiyo unaweza kupaka mafuta juu ya akriliki iliyokauka, lakini usipake akriliki juu ya mafuta.

Fanyia kazi barazani au mahali penye madirisha mawili yaliyo wazi, na usilambe brashi ili kuichongoa ncha, kwa kuwa baadhi ya rangi zina madini ya sumu kama kadimiamu. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yana hatari ambayo wengi hawaijui: yakikunjwa na kurundikwa, hupata joto yenyewe yanapoganda na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yaloweke kwenye ndoo ya maji au yaanike yakiwa yametandazwa nje mpaka yakauke. Vanishi isubiri miezi 6 hadi 12.

Kuhifadhi

Unyevu wa pwani huleta ukungu kwenye karatasi, na nilipoteza michoro ya mwaka mzima niliyoiegemeza kwenye ukuta wa chumba kilichokuwa kikivuja. Ihifadhi imelala, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa siku ya jua kali, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kazi za mafuta usizifungie. Zinahitaji hewa na mwanga, na zikikaa gizani hugeuka njano. Nyuma ya kila mchoro andika tarehe, saa, hali ya maji na zana uliyotumia. Ukishamaliza zana zote sita, panga kazi zote ukutani siku moja, kisha chukua 2B na karatasi mpya ushuke ufukweni maji yakiwa yamepwa, uichore ngalawa ileile upya.